Mjadala wa Alama za Seli: Panya Mweusi na Panya Mweupe

Mintarafu ya seli za kinga za panya, ni mambo machache yazushayo ubishi maabarani kama ile orodha fupi ya herufi na tarakimu ambayo mtafiti huiandika kabla hajanunua kitu na kabla hajamgusa mnyama: CD3, CD4, CD8, CD19, CD11b, Ly6G, na nyingine za namna hiyo. Kila moja ni jina la molekuli ikaayo juu ya utando wa seli. Kila moja hutafutwa kwa kingamwili iliyofungamanishwa na rangi ing'aayo. Na seli zikishapakwa rangi hizo hupitishwa moja moja, katika uzi mwembamba wa maji, mbele ya mwanga wa leza, nayo mashine ikapima ukubwa wa kila seli, chengachenga zilizomo ndani yake, na nguvu ya kila rangi iliyobebwa, maelfu ya seli kwa sekunde. Kazi hii huitwa saitometria ya mtiririko. Mashine hutoa tarakimu za mwanga. Jina la seli T au seli B au makrofaji hutolewa na binadamu aliyeandika orodha, na kwa hiyo aibu ya jina lisilo sahihi ni yake peke yake.

Kisa kinachobishaniwa hapa kimetoka karibu nasi kuliko wengi wadhaniavyo. Mwaka 1948, huko Katanga, Vincke na Lips walikuta ndani ya damu ya panya wa vichakani kimelea cha malaria ambacho walikiita Plasmodium berghei, na tangu hapo kimelea hicho cha Kongo kimehamishwa kutoka mnyama hadi mnyama mpaka kikawa mkazi wa maabara za Ulaya, Marekani na Afrika. Aina yake moja, iitwayo ANKA, ina tabia ya ajabu: ikitiwa katika panya mweusi wa nasaba ya C57BL/6, aghalabu humpiga ubongo baada ya siku kama 6 hadi 10, akapooza, akatukutika, akafa, ilhali panya mweupe wa nasaba ya BALB/c, aliyepewa vimelea vile vile kwa kiasi kile kile, mara nyingi huepukana na maradhi hayo ya ubongo, akaja kufa baadaye kwa upungufu wa damu. Mtafiti kijana ataka kujua ni seli gani za kinga zitofautianazo kati ya wanyama hawa wawili, katika bandama na katika ubongo. Wanaomshauri ni mwalimu wake, mzee aliyeanza kazi hii zama za rangi mbili, na fundi wa mashine, mama mwenye subira kidogo na kumbukumbu ndefu. Majina yao sikuyatia, kwa kuwa watu hawa wamo katika kila maabara, na maneno yao nimeyapanga mimi.

Kijana: Shikamoo, Maalim. Nimeleta orodha. Ina alama 28, na mashine yetu ina uwezo wa kuzisoma zote kwa mara moja. Mwaka 2020 ilichapishwa orodha ya rangi 40 kwa damu ya mwanadamu; sioni sababu ya sisi kuona haya kwa 28. Bandama la mnyama mmoja ni moja tu, na akishauawa, lolote alilokuwa nalo ambalo hatukulipima limepotea abadan. Fauka ya hayo, sijui bado ni seli gani yenye siri ya maradhi haya, na nikichagua alama chache nitakuwa nimekwisha kuamua jawabu kabla ya kuuliza swali.

Sitaki kuidharau hoja hii, kwa kuwa ndiyo hoja kubwa ya zama zetu na ina ukweli ndani yake: mnyama ni amana, na kumwua kwa ajili ya kupima vitu vinne pale ambapo kumi vingewezekana ni israfu.

Maalim: Marahaba, mwanangu. Hoja ya mnyama naikubali, na hofu yako ya kuamua mapema naiheshimu. Nisomee alama ya 17.

Kijana: CD69.

Maalim: Yakuambia nini?

Kijana: Kwamba seli imeamshwa karibuni.

Maalim: Na ikionekana juu ya seli T iliyo ndani ya kiungo, mwezi mmoja baada ya maradhi kupita?

Kijana: Hapo huashiria seli iliyofanya makazi katika kiungo hicho, isiyorudi tena katika damu.

Maalim: Basi alama moja ina maana mbili, kwa mujibu wa mahali na siku. Wewe utawapima panya wako siku ya 6, na siku ya 6 hakuna seli iliyokwisha kujenga makazi. Sikuambii uifute, nakuambia kwamba mbele ya kila alama uandike sentensi moja: inatenga nani na nani, katika kiungo gani, siku gani. Alama utakayoshindwa kuiandikia sentensi hiyo haikuingia orodhani kwa haki, imeingia kwa kuwa ilikuwa katika orodha ya mtu mwingine. Na tena usiniletee orodha ya wanadamu ukaibandika juu ya panya. Namba hizi za CD zilianza kupangwa katika mkutano wa Paris wa 1982, kwa ajili ya seli za binadamu, na panya akaazimwa namba baadaye. Molekuli hufanana, lakini makao yake hayafanani. Monositi za mwanadamu hubeba CD4, za panya hazibebi. Seli wauaji wa asili wa mwanadamu twawatafuta kwa CD56. Kwa panya alama hiyo haifai kitu. Monositi za mwanadamu twazigawa kwa CD14 na CD16, za panya twazigawa kwa Ly6C. Hata damu yenyewe haifanani: kwa mwanadamu mzima nyutrofili ndizo nyingi, kwa panya limfositi ndizo nyingi.

Kijana: CD14 nilikuwa nayo. Naifuta.

Fundi: Maalim, na wewe mdogo wangu, niruhusuni, maana orodha hii ikitoka mezani hapa itakuja kwangu. Kila rangi hung'aa zaidi katika dirisha lake, walakini hakuna rangi isiyomwagikia dirisha la jirani. Rangi ya FITC ikipigwa na leza ya samawati hung'aa kijani, na sehemu ya mwanga wake huingia katika dirisha la rangi jirani, PE. Twatoa fidia kwa hesabu, na fidia huurudisha wastani mahali pake; lakini mtawanyiko haurudi, seli zenye mwanga mkali hubaki zimetapakaa katika dirisha lisilo lao, na alama hafifu ikiwekwa humo huzama isionekane. Kila rangi uiongezayo hulipiwa na rangi zilizotangulia. Kwa hiyo alama zilizojaa tele juu ya seli, kama CD45 na B220, hupewa rangi dhaifu. Zilizo haba, kama CD25, hupewa rangi kali. Na zile zisizokutana juu ya seli moja, kama CD3 na CD19, zaweza kukaa ujirani bila madhara. Katika alama zako 28, saba ni haba, na rangi kali zisizoingiliana ninazo nne.

Kijana: Mashine ya sasa, Bi Fundi, husoma wigo mzima wa mwanga, si dirisha moja moja.

Fundi: Husoma, na husaidia sana, lakini fizikia haikufutwa. Tena ulisema utatumia kimelea kilichotiwa jeni ya protini ing'aayo kijani.

Kijana: Ndiyo, nataka kuona ni makrofaji gani na monositi gani zilizomeza chembe nyekundu zenye vimelea.

Fundi: Basi kiti cha kijani kimekwisha kukaliwa na kimelea. Wewe CD4 umeiweka FITC. Seli yoyote iliyomeza kimelea utaiita seli T msaidizi.

Hapo kijana aliinama akaandika, nami nataka kusema neno kabla hajainua kichwa. Watu husoma sana habari za alama na husoma kidogo habari za kiungo zilikotolewa. Bandama la panya mwenye malaria siku ya 6 si lile lililochorwa vitabuni: limevimba, wekundu wake umegeuka kuwa weusi wa kijivu kwa ajili ya punje za hemozoini ambazo kimelea huziacha baada ya kula himoglobini, na ukilisaga juu ya chujio kwa kitako cha pistoni ya sindano, mchuzi utokao huwa mzito na wa giza. Amonia kloraidi huzipasua chembe nyekundu zilizokomaa, lakini bandama hilo lina kazi nyingine wakati huo, nayo ni kuzaa damu mpya ya kufidia ile iliyoharibiwa, hivyo hujaa vitangulizi vya chembe nyekundu vyenye kiini ambavyo havipasuki kwa urahisi, na ambavyo kwa ukubwa wake hujichanganya na limfositi. Asiyetia alama ya TER-119, inayovitambua vitangulizi hivyo, atazihesabu seli hizo katika jumla, kisha atashangaa kwa nini asilimia ya seli T imeanguka ilhali seli T hazikupungua. Nazo punje za hemozoini hubadili mtawanyo wa mwanga wa pembeni, mpaka monositi iliyoshiba punje ikajifanya seli yenye chengachenga nyingi kuliko ilivyo.

Sasa nafika mahali ambapo mjadala ulipamba moto, na kwa maoni yangu ndipo penye kiini cha habari yote.

Kijana: Alama ya 9 ni NK1.1, kwa ajili ya seli wauaji wa asili. Hii sidhani kama ina shida, Maalim; kila karatasi niliyosoma juu ya panya mweusi imeitumia.

Fundi: Maalim, naomba nimwonyeshe.

Akafungua katika kompyuta faili la zamani, lenye picha mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Katika kila picha mstari wa chini ulikuwa CD3 na mstari wa wima ulikuwa NK1.1. Ile ya kushoto, iliyoandikwa C57BL/6, ilikuwa na wingu dogo la vitone upande wa juu kushoto, seli zisizo na CD3 na zenye NK1.1, dhahiri kabisa. Na vitone vichache zaidi upande wa juu kulia, vyenye alama zote mbili. Ile ya kulia, iliyoandikwa BALB/c, ilikuwa tupu sehemu yote ya juu.

Fundi: Aliyeleta sampuli hizi alinijia na furaha kubwa. Akasema amejua kwa nini panya mweupe haugui ubongo: hana seli wauaji.

Kijana: Na kumbe anazo.

Fundi: Anazo kama kawaida.

Maalim: Sikiliza sababu, mwanangu, kwa kuwa katika sababu hii mna elimu yote ya kuchagua alama. Kingamwili tunayoitumia ni PK136, iliyoelezwa mwaka 1984. Yenyewe hushika protini iitwayo NKR-P1C katika umbo alilo nalo panya mweusi. Panya mweupe ana toleo jingine la jeni ya protini hiyo, na umbo la protini limetofautiana kiasi cha kutosha kuifanya kingamwili isipate pa kushika. Seli ipo, inaua, inatoa interferoni, lakini hairipoti kwa karani huyu. Na katika panya wa nasaba nyingine, kama SJL, PK136 hiyo hiyo hushika protini jirani, NKR-P1B, ambayo kazi yake ni kuizuia seli badala ya kuichochea. Kwa hiyo karatasi zako zote juu ya panya mweusi zinasema kweli, na zote kwa pamoja hazikupi idhini ya kuitumia alama hii katika mlinganisho wa nasaba mbili.

Kijana: Basi nitatumia DX5, yaani CD49b. Ipo kwa weusi na weupe.

Maalim: Ipo. Ndiyo niliyoitumia mimi miaka mingi.

Kijana: Lakini, Maalim, kwa heshima zako zote, wewe uliitumia kwa panya wazima. CD49b ni integrini, na seli T zikiamshwa, baadhi yake huivaa. Malaria huamsha seli T nyingi mno. Nikisema seli zenye DX5 zimeongezeka, nitakuwa nimehesabu wauaji au nimehesabu seli T zilizobadili nguo?

Maalim: Utazitoa seli T kwa CD3.

Kijana: Seli T ikichochewa sana huishusha CD3 yake kutoka juu ya utando. Mimi naona bora NKp46, kloni 29A1.4, ambayo hushika katika nasaba zote za panya na haifuati uamsho wa seli T kama CD49b.

Maalim: NKp46 nayo hukaa juu ya limfositi za asili zilizo katika utumbo, zisizo wauaji.

Kijana: Katika utumbo, ndiyo. Sisi tunapima bandama na ubongo.

Mzee alicheka, akasema kwamba leo kijana ameandika sentensi yake mbele ya alama. Mimi nasema kwamba kijana alishinda duru hii kwa haki, na tena alishinda kwa silaha ya mzee mwenyewe. Wala ushindi huo haukuwa wa mwisho, maana baada ya kitambo alirudi na jambo ambalo hata Maalim hakulitaraji.

Kijana: Nimetazama jokofu letu. Kingamwili ya MHC ya daraja la pili tuliyo nayo, ile tunayotaka kutambulia seli za dendritiki, imeelekezwa kwa molekuli moja ya daraja hilo, I-E. Panya mweusi hana I-E juu ya seli zake. Jeni yake ya mnyororo wa alfa ina upungufu, haisomwi. Tungeitumia, panya mweupe angeonekana ana seli zote za kuonyesha antijeni na mweusi hana hata moja.

Fundi: Kinyume cha picha yangu.

Kijana: Kinyume chake hasa. Naomba tununue kingamwili ya M5/114, inayoshika molekuli ya pili ya daraja hilo, I-A, ya nasaba zote mbili pamoja na I-E ya panya mweupe.

Maalim: Inunuliwe. Lakini usilinganishe nguvu ya mwanga kati ya nasaba mbili kwa alama hiyo, kwa kuwa kwa mmoja inashika molekuli za aina mbili na kwa mwingine aina moja. Iwe ya kusema ipo au haipo, basi.

Kuna alama nyingine ambazo ubishi wake ni wa haraka, na sitazikalia sana. Gr-1, kingamwili ya kloni RB6-8C5 iliyotumiwa na kizazi kizima kutafuta nyutrofili, hushika Ly6G na pia hushika Ly6C, hivyo monositi za uchochezi hupata rangi yake. Maalim alijaribu kuitetea kwa sababu ya mazoea, akaona mwenyewe kwamba utetezi hausimami, wakaafikiana Ly6G kwa kloni 1A8 na Ly6C kivyake, ili nyutrofili na monositi, ambazo zote zina CD11b, zitengane kwa bayana. F4/80, iliyotoka Oxford mwaka 1981, ilibakizwa kwa makrofaji za sehemu nyekundu ya bandama, pamoja na onyo kwamba eosinofili nazo huibeba na kwamba makrofaji za mpakani mwa sehemu nyeupe hazina. B220 ilifutwa kwa seli B ikawekwa CD19, maana B220 hukaa pia juu ya seli za dendritiki za aina ya plasmasitoidi. Na kwa kuwa seli zitoazo kingamwili hupunguza zote mbili, CD138 ilitajwa kisha ikaachwa, kwani siku ya 6 ni mapema na swali si la kingamwili. FoxP3, kwa kutafuta seli T za kudhibiti, ilikataliwa na Bi Fundi kwa sauti kubwa: hiyo hukaa ndani ya kiini, hutaka seli zitobolewe utando, na protini ya kijani ya kimelea na rangi kadhaa hazistahimili dawa hizo bila kudhoofika. Kijana alitaka CD25 ishike nafasi yake. Akakumbushwa kwamba katika mnyama anayeugua, CD25 huvaliwa na kila seli T iliyoamshwa, akaiacha kwa huzuni.

CD8 ilikuwa na habari ndefu zaidi.

Maalim: Hii ndiyo seli inayoshukiwa kuliko zote. Panya mweusi akinyang'anywa seli T za CD8 kabla ya ubongo kushikwa, huokoka. Nawe umeandika kwamba kundi moja la panya utawanyang'anya.

Kijana: Kwa kingamwili ya kuua seli hizo, ndiyo, ili nithibitishe.

Maalim: Kisha utathibitisha kwamba zimekwisha kwa kuzitafuta kwa kloni gani?

Kijana: 53-6.7.

Maalim: Kingamwili hiyo ilitoka Stanford, kwa Ledbetter na Herzenberg, mwaka 1979, na ni njema. Lakini kingamwili uliyomchoma mnyama ikiwa inakalia mahali pale pale inapokalia 53-6.7 juu ya CD8 alfa, seli yoyote iliyosalimika itakuwa imefunikwa. Utaona pengo na kudhani ni kifo. Itafute CD8 beta, kwa kingamwili isiyogombania nafasi na ile ya kwanza.

Kijana: Na CD8 beta itanisaidia jambo la pili, Maalim. Seli za dendritiki za bandama, baadhi yake, zina CD8 alfa bila beta. Kwa beta hazitaingia.

Maalim: Sasa wanitangulia.

Kijana: Lakini nimepoteza kitu. Katika malaria ya panya, seli T za CD8 zilizokwisha kukutana na kimelea hupunguza CD8 alfa na kupandisha CD11a, na watafiti huzitambua kwa mambo hayo mawili bila kujua ni kipande gani cha kimelea zinachokitambua. Nikiacha alfa, nusu ya kipimo hicho imetoweka.

Hapa wote watatu walinyamaza, kwa kuwa hasara hii ni ya kweli na haina tiba ya bure. Uamuzi uliopatikana ni kwamba panya wasionyang'anywa wapakwe alfa na beta zote mbili, na walionyang'anywa wategemewe beta peke yake, na CD11a iwe kwa wote. Kwa mtu apendaye unadhifu ni uamuzi mbaya. Kwangu mimi ni uamuzi mwaminifu.

Ubongo ulizungumzwa na Bi Fundi, naye aliuzungumza kwa ukali wa mtu aliyeletewa sampuli mbovu mara nyingi. Damu iliyomo mishipani, alisema, isipooshwa kwa kupitisha maji ya chumvi moyoni kabla ya ubongo kutolewa, seli za damu zitahesabiwa kuwa ni seli za ubongo. Na hata ikioshwa, katika maradhi haya seli T za CD8 hunata katika kuta za mishipa midogo, hazitoki kwa maji. Akashauri mnyama achomwe mshipani kingamwili ya CD45 yenye rangi yake pekee, dakika 3 kabla ya kuuawa: seli iliyo ndani ya mshipa itaipata rangi hiyo, iliyovuka ukuta itaikosa. Baada ya hapo CD45 hutumika mara ya pili, kwa rangi nyingine, nayo hupimwa kwa kiasi, si kwa kuwapo tu, maana mikroglia wa ubongo wana CD11b na CD45 ya wastani, na makrofaji waliotoka katika damu wana CD11b na CD45 nyingi. Kuhusu vimeng'enya vya kulainishia ubongo, alikataza tripsini asilan, kwa kuwa hukata molekuli kadhaa juu ya utando kama wembe, akaruhusu kolajenasi kwa muda mfupi. Na alipoona CD62L katika orodha ya ubongo aliizungushia duara, maana hiyo hukatika yenyewe seli ikichokozwa, na hakuna uchokozi kama kusagwa.

Kijana: Zimebaki alama 15, pamoja na rangi ya seli zilizokufa.

Fundi: Rangi ya wafu iwe ya kwanza, si ya 15. Seli iliyokufa hushika kila kingamwili ipitayo karibu yake, na katika ubongo wenye ugonjwa wafu ni wengi. TER-119 uipe rangi moja na ya wafu. Wote wawili twawatupa, hakuna haja ya viti viwili. Na usisahau kingamwili ya 2.4G2 kabla ya kupaka, ili vipokezi vya CD16 na CD32 juu ya makrofaji visishike mikia ya kingamwili zako.

Kijana: Na CD11c?

Maalim: CD11c ibaki. Bila hiyo, seli za dendritiki utazitambuaje?

Kijana: Kwa MHC ya daraja la pili, baada ya kutoa seli B na makrofaji. CD11c katika maradhi haya huvaliwa na baadhi ya seli T za CD8 zilizoamshwa, pamoja na seli wauaji na monositi zinazogeuka. Kwa kila seli ya dendritiki nitakayoipata nitakuwa nimeokota na mgeni.

Maalim: Mgeni huyo ndiye unayemtafuta. Ikiwa seli T za CD8 zenye CD11c ni nyingi kwa mweusi na chache kwa mweupe, wewe utakuwa umeiacha mezani.

Kijana: Hiyo ni hoja yangu ya kwanza leo asubuhi, Maalim, uliyoikataa.

Maalim: Niliikataa kwa alama 28. Kwa moja naikubali.

Kijana: Na Ly6C nayo ina shaka. Seli T za nasaba hizi mbili haziibebi kwa kiasi kimoja hata zikiwa hazijaugua. Kwa monositi sawa, lakini mpaka nitakaouchora kwa mweusi sijui kama utamfaa mweupe.

Fundi: Hilo halitatuliwi kwa maneno. Bandama moja la panya mzima lina seli kama milioni 100, na kila neli yataka milioni 1. Nileteeni mweusi mmoja na mweupe mmoja, wazima, siku moja, kabla hamjaagiza kingamwili za mwaka mzima. Nitapaka kila rangi peke yake kwa kila nasaba, kisha nitapaka rangi zote isipokuwa moja, kwa zamu, kwa zile alama zenye shaka: Ly6C, CD11a, CD62L. Mipaka ya mweusi itachorwa kwa mweusi, ya mweupe kwa mweupe. CD11c nitaiwekea dirisha lake, na ninyi wawili mwaweza kuendelea kubishana mpaka Alhamisi.